Laini Iliyokufa na Laini Inayougua: Usanidi wa Violesura vya Mfululizo na Ukaguzi wa Makosa katika Mazingira ya Rubavu

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna kiolesura cha mfululizo cha ruta kinavyosanidiwa, na namna makosa ya usafirishaji wa data yanavyogunduliwa kwa baki la ukaguzi, linaloandikwa CRC kwenye vioo vya mitambo. Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, umechukuliwa kuwa mahali pa rejea kwa sababu unakaa chini ya Nyiragongo, kando ya Ziwa Kivu na mpakani na Goma. Hoja kuu ni kwamba kosa la laini huhesabiwa na anayepokea, wala si anayetuma. Kwa sababu hiyo, mkataba au kanuni inayopima upatikanaji wa huduma pekee haioni sehemu kubwa ya madhara, na upofu huo huzidi pale kiungo kinapovuka mpaka wa nchi.

1.0 Utangulizi

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka. Matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara mjini Gisenyi kama yalivyofanya Goma, na maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Rwanda usiku huohuo. Siku chache baadaye ilifahamika kwamba Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma kilikuwa kimekaa miezi kadhaa bila intaneti kwa kuwa fedha zilizoigharamia zilikoma, na kwamba kilikuwa kimeunganishwa tena mwezi Aprili tu. Kisa hicho kimejadiliwa sana, na ni haki kijadiliwe. Hata hivyo, kila aliyekuwa ndani ya kituo alijua kwamba laini imekufa. Laini iliyokufa haimdanganyi mtu.

Makala haya yanahusu hali ya pili, ambayo haijadiliwi: laini inayougua. Taa yake ni ya kijani, ruta inasema kiolesura kimewaka, barua pepe zinapita ukizisubiri, na ripoti ya mwezi inaandika upatikanaji wa 100%. Kumbe katika kila fremu mia moja zinazotumwa, moja au mbili zinatupwa njiani. Kwa mtumiaji wa kawaida hilo ni usumbufu. Kwa chombo kinachotuma mawimbi ya tetemeko, au kinachopima gesi katika Ziwa Kivu ambalo kina chake kimebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, ni pengo katika rekodi mahali ambapo msomaji wa rekodi anadhani hapakutokea kitu. Ziwa Nyos la Kameruni lilipoachia gesi yake tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara maelfu.

Huenda msomaji akauliza kama violesura vya mfululizo bado vina nafasi katika nchi iliyotandaza mkongo hadi wilaya zake zote. Vinayo, kwa njia mbili. Laini za kukodi za E1 na itifaki ya PPP bado zinatumika katika ofisi nyingi za ukanda huu, na vipima-tetemeko vingi hutoa data yake kupitia lango la mfululizo kabla haijafika kwenye ruta. La pili ni kwamba mbinu ya ukaguzi ni ileile. Fremu ya Ithaneti inayopita kwenye mkongo hulindwa kwa baki la biti 32 la ukoo mmoja na lile linaloelezwa hapa. Atakayeelewa kiolesura cha mfululizo amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya hivyo vingine.

2.0 Makubaliano ya pande mbili

Kiolesura cha mfululizo hupeleka biti moja baada ya nyingine katika njia moja. Kwa kuwa hakuna alama ya kutenganisha biti na biti, mpokeaji anahitaji kujua ni lini hasa aangalie waya. Ujuzi huo hutoka kwenye mapigo ya saa. Katika kila kiungo upande mmoja hutoa mapigo na mwingine huyafuata. Katika laini ya kukodi, mtoaji kwa kawaida ni mtambo wa kampuni ya simu, na ruta ya mteja hufuata. Usanidi wa kwanza wa fundi, basi, ni kuamua nani ni mwenye saa.

Kosa la kawaida hapa ni pande zote mbili kuambiwa zitumie saa zao za ndani. Hakuna kinachokatika. Laini ya E1 hupeleka biti 2,048,000 kwa sekunde, na kiwango cha kimataifa kinaruhusu saa ikosee kwa sehemu 50 katika milioni. Saa mbili zikitofautiana kwa kiasi hicho, kila baada ya sekunde 2.5 hivi mpokeaji atalazimika kuruka fremu nzima ya E1 au kuirudia. Dalili yake ni makosa yanayorudi kwa vipindi sawasawa, mchana na usiku, mvua na jua. Nimeona mafundi wakibadilisha kebo mara tatu kwa ugonjwa wa aina hii. Kebo haina hatia. Kinachohitajika ni mstari mmoja wa usanidi.

Baada ya saa huja itifaki ya fremu. HDLC na PPP ndizo zinazokutwa zaidi. Ieleweke kwamba HDLC ya ruta za Cisco ina sehemu ya ziada isiyokuwamo katika kiwango cha kimataifa, hivyo ruta ya Cisco ikikutana na ruta ya kampuni nyingine ni salama zaidi kutumia PPP, ambayo viwango vyake, RFC 1661 na RFC 1662, vilitolewa mwaka 1994 kwa matumizi ya wote. PPP ina faida nyingine: pande mbili huanza kwa mazungumzo, kila upande ukitaja masharti yake, na laini haifunguki mpaka wakubaliane.

Kisha urefu wa baki la ukaguzi. Thamani ya awali ni biti 16. Fundi anaweza kuipandisha hadi 32, lakini lazima ifanyike pande zote mbili. Upande mmoja ukibaki 16 na mwingine ukawa 32, kila fremu itaonekana imeharibika, na ruta itaonyesha hali ambayo huwachanganya wanaoanza kazi: umeme wa laini upo, itifaki haipo. Hapo ujumbe wa kujuliana hali, ambao ruta za Cisco hutuma kila sekunde 10, unatupwa pamoja na fremu nyingine, na kila upande unaamini mwenzake hayupo.

Kuna jambo dogo ningependa kulitaja kabla ya kuendelea. Ruta nyingi za Cisco hukiandikia kiolesura cha mfululizo kipimo data cha kbps 1,544. Hicho ni kiwango cha T1 cha Marekani; ukanda wetu unatumia E1 ya kbps 2,048. Thamani hiyo haiongezi wala haipunguzi kasi ya laini, lakini itifaki za kuchagua njia huitegemea, na asilimia ya mzigo inayoonyeshwa kiooni hukokotolewa kwayo. Ofisi isiyoirekebisha itaona laini yake imejaa kabla haijajaa, na huenda ikanunua laini ya pili kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

3.0 Baki la ukaguzi

Msingi wa CRC ni hesabu ya kugawanya ya shule ya msingi. Tuchukulie mfanyabiashara wa Gisenyi anamtumia mwenzake wa Goma namba ya mzigo, 4,726. Wamekwisha kukubaliana kigawanyo, 97. Anagawanya, jibu halimhusu, baki ni 70. Anatuma 4,726 pamoja na 70. Njiani tarakimu moja inaharibika na mwenzake anapokea 4,736. Naye anagawanya kwa 97, anapata baki 80, halilingani na 70, anajua namba si ile iliyotumwa. Hajui ni tarakimu gani iliyoharibika, na hawezi kuirekebisha. Anaweza tu kuikataa. Na iwapo uharibifu ungegeuza namba kuwa 4,823, ambayo ni 4,726 ukijumlisha 97, baki lingekuwa 70 tena na kosa lingepita.

Ruta hufanya vilevile kwa biti, isipokuwa hujumlisha bila kubeba, jambo linalorahisisha kazi ya saketi. Kigawanyo cha biti 16 kinachotumiwa na HDLC na PPP ni 10001000000100001. Kimechaguliwa kwa makusudi. Hukamata kila kosa la biti moja, kila fremu ambayo idadi ya biti zilizoharibika ni witiri, na kila fungu la makosa lisilozidi biti 16 mfululizo. Kwa mafungu marefu zaidi hubaki bahati nasibu, na fremu moja kati ya 65,536 zilizoharibika hivyo itapita kama nzima. Kwa baki la biti 32 ni moja kati ya 4,294,967,296.

Tofauti hiyo ina maana gani Rubavu? Chukua laini ya E1 iliyojaa fremu za baiti 1,500. Zitapita fremu 170 hivi kwa sekunde. Ikiwa 1.2% zinaharibika, ni fremu takriban 177,000 kwa siku. Uharibifu ukiwa wa mafungu marefu, baki la biti 16 litapitisha fremu mbovu mbili au tatu kila siku. La biti 32 litapitisha moja katika miaka 66 hivi.

Suala la mafungu marefu si la kinadharia katika bonde la Kivu. Utafiti wa Rachel Albrecht na wenzake uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia data ya setilaiti ya miaka 16, uliiweka Kabare ya Kivu Kusini katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: radi takriban 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Radi haiharibu biti moja. Hupiga ghafla na kufuta biti nyingi zilizofuatana, na msukumo wake hupita kwenye waya wa ardhini wa kila jengo lililo karibu. Isitoshe, udongo wa Gisenyi kuelekea mpakani umelalia mwamba wa volkano, ambao haupitishi umeme vizuri. Nguzo ya ardhini iliyopigwa juujuu humo haifanyi kazi iliyokusudiwa. Kwa mazingira haya, naona hakuna sababu ya kuacha baki la biti 16 mahali popote ambapo la 32 linaruhusiwa.

Lazima pia kueleza mipaka ya kinga hii. Baki hulinda fremu tangu inapotoka kiolesura kimoja mpaka inapoingia kingine. Ndani ya ruta, fremu huvuliwa baki lake, hukaa katika kumbukumbu, kisha huvishwa baki jipya kwa safari inayofuata. Ikiharibika ikiwa ndani, itavishwa baki sahihi juu ya data mbovu. Jonathan Stone na Craig Partridge walionyesha mwaka 2000 kwamba kati ya pakiti 1 katika 1,100 na 1 katika 32,000 zilishindwa ukaguzi wa TCP hata pale ambapo CRC ya laini ilipaswa kuzuia karibu makosa yote. Kwa data ya kuonya juu ya hatari, basi, chombo chenyewe kiandike baki lake mwanzoni, na mpokeaji wa mwisho alikague.

4.0 Nani anaona kosa

Ruta haisemi kitu inapotupa fremu. Huongeza moja katika kihesabio. Kihesabio hicho kiko kwa mpokeaji, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa mafundi huzaliwa. Tuchukulie kiungo kati ya ofisi ya Gisenyi na ofisi ya Goma ambacho kitumaji chake cha upande wa Goma kinakufa polepole. Gisenyi inaona CRC zikipanda kila dakika. Inapiga simu. Goma inaangalia kioo chake, inakuta sifuri, inajibu kwamba kwao kuko safi. Jibu hilo ni kweli tupu. Kinachotoka Gisenyi kinafika Goma salama. Kinachotoka Goma ndicho kinachoharibika, na Goma haina njia ya kukiona isipokuwa iambiwe. Mwenye ugonjwa ana kioo safi, na mwenye kioo kichafu ndiye mzima.

Waliobuni E1 walilijua hilo. CRC-4 ya E1 hukagua mafungu 1,000 kila sekunde, na ndani ya fremu kuna biti mbili zilizotengwa ili mpokeaji amrudishie mtumaji habari kwamba fungu fulani lilifika limeharibika. Kinachohitajika ni CRC-4 iwashwe pande zote mbili. Mara nyingi huzimwa siku ya kwanza kwa kuwa ncha moja haikuisanidi na laini ikakataa kufunguka. Fundi akaizima ili kazi iende, na haikuwashwa tena.

Vihesabio vingine husaidia kutafuta chanzo. Makosa yanayopanda wakati wa ngurumo tu yanaelekeza kwenye waya wa ardhini. Yanayopanda kwa vipindi sawa yanaelekeza kwenye saa, kama ilivyoelezwa. Fremu zinazopotea wakati wa mzigo mkubwa huku CRC ikiwa imetulia hazitokani na laini. Ni ruta inayozidiwa, na kihesabio chake ni kingine. Mwongozo wa Cisco huchukulia makosa yanayozidi 1% ya fremu zinazoingia kuwa dalili ya tatizo. Kwa maoni yangu kipimo hicho ni kikubwa mno kwa mtumiaji wa mbali, na hesabu ifuatayo inaonyesha sababu.

Mathis na wenzake walitoa mwaka 1997 kanuni inayokadiria kasi ya muunganisho mmoja wa TCP ya kawaida: ukubwa wa pakiti ukigawanywa kwa muda wa kwenda na kurudi, kisha kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa pakiti zinazopotea, mara 1.22 hivi. Weka pakiti ya baiti 1,460, upotevu wa 1.2%, na muda wa milisekunde 600 wa setilaiti ambayo ndiyo ilikuwa njia kuu ya Rwanda kabla mikongo ya bahari ya Hindi haijafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010. Jibu ni kbps 217. Laini iliyolipiwa kwa kbps 2,048 inampa mtumiaji takriban moja ya kumi. Hata kwa milisekunde 200 za mkongo hadi seva ya Ulaya, jibu ni kbps 650. Upotevu wa fremu 1 katika 100 haupunguzi huduma kwa 1%.

5.0 Upatikanaji kama kipimo kisichotosha

Mikataba mingi ya laini hutaja upatikanaji, kwa mfano 99.9%, yaani kukatika kusizidi dakika 43 kwa mwezi. Msomaji anayeshauri juu ya sera anapaswa kujua neno hilo lina maana gani katika viwango. Kwa mujibu wa pendekezo G.826 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, sekunde ambayo 30% au zaidi ya mafungu yake yameharibika huitwa sekunde yenye makosa makubwa. Laini huhesabiwa haipatikani pale tu sekunde kama hizo zinapofuatana 10. Laini inayoharibika sekunde tisa, ikapona sekunde moja, ikaharibika tisa tena, kwa siku nzima, haijawahi kutopatikana. Kisheria imepatikana kwa 100%. Kwa mtumiaji haikuwepo.

G.826 haikuacha pengo hilo. Inaweka mipaka ya makosa katika muda ambao laini inapatikana: kwa kasi ya E1, sekunde zenye kosa lolote zisizidi 4%, na zenye makosa makubwa zisizidi 0.2%, na hiyo ni kwa njia ya mfano yenye urefu wa kilomita 27,500. Sehemu ya njia hiyo inayostahili kiungo cha kilomita chache kati ya Gisenyi na Goma ni ndogo kabisa. Kipimo kipo, mitambo inakipima; kinachokosekana ni aya ya mkataba inayokitaja.

Kwa viungo vya ndani ya nchi, mdhibiti mmoja anatosha kuidai aya hiyo. Kwa kiungo kinachovuka mpaka kuna wadhibiti wawili, RURA upande wa Rwanda na ARPTC upande wa Kongo, na namba za kila upande zinaeleza utendaji wa upande mwingine. RURA ikitaka kujua ubora wa kinachotumwa kutoka Gisenyi, namba hizo ziko Goma. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, liko jukwaa ambamo kubadilishana namba hizo kunaweza kuwa sharti la leseni badala ya hisani kati ya mafundi wanaofahamiana.

Lugha nayo ina sehemu yake, na wanachama wa kongamano hili wataniwia radhi nikiigusa kwa kifupi. Fundi wa Goma amesoma kwa Kifaransa, kijana wa Rubavu kwa Kiingereza, na simu ya saa nane za usiku huzungumzwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017. Katika simu hiyo neno “kosa” hubeba mambo matatu: fremu iliyoharibika, fremu iliyozidi uwezo wa ruta, na laini iliyokatika. Ugomvi wa nusu saa huisha mara wanapogundua hawakuwa wakizungumzia kihesabio kimoja. Ningependekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ianze na maneno machache ya kazi hii: baki la ukaguzi, sekunde yenye kosa, sekunde yenye makosa makubwa, mwenye saa. Hayahitaji kuwa mazuri. Yanahitaji kuwa tofauti.

Utekelezaji wenyewe si mzito. Mitambo ya E1 huhifadhi hesabu ya makosa kwa vipindi vya dakika 15, na hukumbuka saa 24 zilizopita. Kila upande ungemtumia mwenzake orodha ya vipindi 96 kila asubuhi, ukiwa na tarehe, saa, sekunde zenye kosa na sekunde zenye makosa makubwa. Orodha hiyo ni fupi kiasi cha kupita hata kwenye laini inayougua, nayo iandikwe baki lake mwishoni.